Marehemu Aliyesimama Nyuma

SEHEMU YA TISA

Wiki iliyopita tulimwacha Jemimah kando ya jukwaa, mdomo wazi, mkono wake umeshikwa na mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa amemtangaza marehemu.

Kama hukulipata gazeti, au mwenzio wa nyumbani alilifungia vitumbua, nakukumbusha upesi. Jemimah ni Mkenya, mwandishi wa vitabu vya makampuni. Alialikwa na kiwanda cha karavani cha Hoephoep, kusini mwa Johannesburg, aandike historia yake ya miaka hamsini. Siku ya kukizindua kitabu akawaomba wageni wasimame kimya kumkumbuka Aloys, fundi Mrundi aliyekiokoa kiwanda kisife. Wote wakasimama. Nyuma kabisa, karibu na meza ya soda, alisimama mzee mmoja mwenye koti la kijivu, akainamisha kichwa kwa adabu kama wenzake. Kimya kilipokwisha akaja taratibu mpaka jukwaani.

"Mama, asante kwa kunisimamia," alisema. "Lakini Aloys ni miye, na bado ninapumua."

Hapo ndipo gazeti lilipoishia. Sasa twende.

Jambo la kwanza lililompitia Jemimah kichwani halikuwa la heshima, wala sitamfichia. Hakufurahi kwamba binadamu yu hai. Aligeuza shingo huku na huku kuangalia ni nani amesikia.

Hakuna aliyesikia. Carmel, mwenye kiwanda, alikuwa akicheka na Jeremy, wakala wa watu waliotaka kukinunua. Jeremy alikuwa kijana Mwafrika wa suti ya buluu, mwenye Kiingereza cha puani ambacho tangu asubuhi kilimlazimisha Jemimah naye akaze cha kwake. Hakuwa amethubutu hata kumwuliza kwao ni wapi. Wanawake wa kanisa la Warundi, waliokuja na vitenge vyao vya sherehe, walikuwa ndio kwanza wanaingia, wanatafuta viti.

Jemimah akamvuta mzee mpaka kwenye karavani ya maonyesho, akamwingiza, akafunga mlango. Wakakaa kwenye vibenchi vyembamba, magoti yakikaribia kugusana.

Karavani hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa kitabu chote. Babu yake Carmel alianza na mashua za faibaglasi za kuvulia samaki mabwawani, kisha akaona wenye mashua ni wachache na wenye likizo ni wengi, akageukia karavani. Akaziita Hoephoep, jina la ndege hudihudi kwa Kiafrikana, kwa sababu paa lake lilikuwa na nundu kama kishungi cha ndege huyo. Zilitengenezwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vikaunganishwa katikati, na hapo katikati ndipo zilipovuja. Familia iliondoka na magodoro makavu ikarudi na magodoro ya kuanika. Wateja wakakimbia, mafundi wakapunguzwa, babu akafa na kihoro chake.

Kisha akaja fundi mmoja mkimbizi aliyewahi kutengeneza mashua kwenye ziwa Tanganyika. Yeye aliikusanya kalibu nzima, chombo kinachoipa karavani umbo, akaifunga kwa bolti, akaingia tumboni mwake na gundi yake ya rezini na mikeka ya nyuzi za kioo, akapaka kwa ndani. Ilipokauka akafungua bolti. Mshono ukabaki kwenye kalibu, karavani ikatoka nzima kama yai. Katika kitabu cha Jemimah, fundi huyo aliitwa Aloys.

"Kwa hiyo hii ni kazi yako, mzee," Jemimah alisema, akigusa ukuta.

Mzee akatikisa kichwa. Alisema yeye ni kinyozi, ananyoa watu kwenye chumba cha uani huko mtaa wa Bellevue, na hajawahi kushika rezini hata ya kuzibia ndoo.

"Ile sura muliweka ukutani, mutu tulisimamia, si miye," alisema. "Ni Firmin. Shemeji yangu. Bwana ya Médiatrice."

Médiatrice alikuwa amekaa mstari wa mbele wakati huo huo, mjane aliyealikwa kupokea kitabu cha kwanza. Picha ile ya ukutani aliitoa yeye mwenyewe kwa mkono wake. Na chini ya picha hiyo, kwa herufi za dhahabu, Jemimah aliandika jina la Aloys.

Mzee akamweleza, pole pole, macho yakiwa sakafuni. Walifika nchi hii wakiwa watatu, yeye, dada yake Médiatrice na mume wa dada yake, Firmin. Yeye alipewa karatasi za ukimbizi, Firmin akanyimwa. Kiwanda kilitaka fundi wa faibaglasi, na langoni walitaka karatasi. Aloys akamwazima shemeji yake jina. Kila asubuhi Firmin alivuka lango akawa Aloys, jioni alivuka tena akawa Firmin, na Aloys mwenyewe akakaa uani na wembe wake, kwa sababu jina moja haliwezi kwenda kazini mara mbili.

Mpaka siku moja teksi ilipita taa nyekundu, robot kama waziitavyo huko, ikamkuta Firmin akivuka barabara. Mfukoni mwake walikuta karatasi ya Aloys.

"Hospitali wakamuliza dada yangu, wewe ni nani ya Aloys? Angejibu nini, mama? Mwili ni ya bwana yake. Jina ni ya kaka yake. Akisema miye ni dada, watauliza bibi iko wapi aje atie sahihi. Alitaka kumuzika mutu wake. Akasema miye ni bibi yake."

Jemimah sasa alikuwa ameelewa, na alitamani asingeelewa.

Katika vitabu vya nchi hii Aloys amekufa. Na katika vitabu hivyo hivyo, marehemu Aloys alikuwa mume wa dada yake, tumbo moja.

"Kwetu tunaita amahano," mzee alisema. "Mutu akisikia, anatema mate."

Tangu siku hiyo Médiatrice hakuweka jiwe kwenye kaburi la mumewe, kwa sababu jiwe lingelazimika kuandikwa jina lililoandikishwa. Kanisani wakasema ni mchoyo, amemtupa Firmin kama mbwa. Alisikia, akameza. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha alikuwa amechagua kufa nayo.

Halafu akaja Jemimah na kalamu.

Ukurasa wenyewe ulimjia machoni. Aliuandika kwa mapenzi, hata akaupamba. "Aloys na mkewe Médiatrice walianza maisha yao katika chumba kimoja cha Bellevue." Vitabu vilikuwa masandukuni, pembeni mwa keki, tayari kugawiwa. Na nusu ya viti vya mbele vilikaliwa na watu wa kanisa, ambao Jemimah aliwaalika mwenyewe, kwa wema, ili mjane asijisikie mpweke.

"Wale wote ninawanyoa," mzee alisema. "Ninanyoa watoto yao. Wanajua Médiatrice ni dada yangu. Sasa watasoma nini?"

Jemimah alimwuliza anataka afanyeje.

"Nimekuja kuomba jina yangu. Uitoe humo ndani. Ya hospitali tulifanya sisi, tutajibu kwa Mungu. Lakini hii ya kitabu, mama, ni nani alikutuma?"

Hakuna aliyemtuma. Hilo ndilo lililomkata maini.

Maana siku ile alipokwenda Bellevue, Médiatrice alimfungulia mlango, akasikia jina Jemimah, uso ukamchangamka. "Karibu, dada. Unasema Kiswahili?" alimwuliza. Na Jemimah, aliyenyonya Kiswahili Nakuru, aliyetukanwa nacho, akatongozwa nacho, akamjibu kwa Kiingereza kwamba angependelea Kiingereza. Alisingizia kinasa sauti. Ukweli ni kwamba dereva wa kampuni alikuwa amesimama nyuma yake, na Jemimah hakutaka aonekane kuwa mmoja wa watu wa vyumba vile.

Kiingereza cha Médiatrice kilikuwa cha sokoni, cha bei na asante. Alipoulizwa kama marehemu Aloys alikuwa mumewe, alimtazama yule mgeni wa sauti ya ofisini, akamtazama dereva mwenye sare, akadhani ni serikali imerudi. Akaitikia vile vile alivyoitikia hospitalini. Angekaribishwa kwa lugha anayoweza kulia nayo, pengine angesema yote.

"Ni mimi, mzee," Jemimah alisema. "Kosa ni langu."

Mzee hakubisha. Alisema tu kwamba muda unakwenda.

Jemimah akatoka mbio mpaka kwa Carmel, akamvuta nyuma ya jukwaa, akamwambia vitabu visigawiwe, kuna kosa kubwa, fundi aliitwa Firmin. Alitarajia Carmel ashtuke.

Carmel hakushtuka. Alirekebisha hereni yake, akasema kwamba hilo analijua. Kila mtu kiwandani alimwita Firmin, hata yeye mwenyewe. Karatasi ilisema Aloys, basi kwenye mshahara wakaandika Aloys, na kila mtu akala mkate wake.

Jemimah akamwuliza kwa nini basi alimwacha aandike kitabu kizima.

Kwa sababu kiwanda kinauzwa leo, Carmel alijibu. Jeremy akisikia kwamba kalibu yetu maarufu ilitengenezwa na mtu asiye na karatasi, chini ya jina la mtu mwingine, nasi tukijua, atafunga mkoba wake aende. Halafu hawa wote wanaokula keki waende wapi? Na karavani mpya, ile itakayozinduliwa na wanunuzi, itaitwa Aloys. Ni heshima kubwa kwa marehemu.

"Marehemu amekaa kwenye karavani yako ya maonyesho," Jemimah alisema.

Hilo lilimgusa Carmel kidogo, lakini si sana. Alimwomba amwambie mzee akae kimya kama alivyokaa miaka yote. Kisha akamwekea mkono begani kwa upole, na upole huo ulimuuma Jemimah kuliko kofi. Alimkumbusha kwamba jina lililoko kwenye jalada si la Carmel.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wa Jemimah ulikuwa umeshavimba. Alifikiria kazi nyingine aliyoahidiwa. Alifikiria kwamba hata akinyamaza, hakuna atakayejua kuwa alijua. Wazo hilo lilikaa naye kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukuambia.

Carmel alikuwa amekwisha panda jukwaani. Alizungumza juu ya babu yake, juu ya mashua, juu ya mshono uliohama. Kisha akasema ni wakati wa kumwita mbele mtu wa pekee sana, mjane wa Aloys, apokee kitabu cha kwanza. Na kwa kuwa mama huyu ni mtu wa Kiswahili, akaongeza akitabasamu, Jemimah atatutafsiria.

Akamnyooshea kipaza sauti.

Jemimah alikipokea. Mbele yake Médiatrice alikuwa amekaa wima, mikono imekumbatia mkoba, macho yamekwama kwenye kitabu. Alikuwa amesikia neno "Aloys" na neno "widow", na maneno hayo mawili aliyajua vizuri kwa Kiingereza. Wanawake wa kanisa waliomzunguka nao walikuwa wamesikia, na wameanza kutazamana. Mmoja alicheka kidogo, akidhani wazungu wamechanganya majina. Nyuma yao, mlangoni pa karavani, mzee wa koti la kijivu alikuwa amevua kofia.

Hapa ndipo Jemimah alipogundua kitu. Carmel hajui Kiswahili. Mafundi wachache wanakijua, kanisa linakijua, basi. Angeweza kusema lolote.

"Mama Médiatrice," alianza, na sauti ikamtoka ya nyumbani, ile aliyoificha siku zote. "Nilikuja kwako ukanikaribisha kwa Kiswahili, nikakukatalia kwa kiburi changu. Naomba msamaha mbele ya watu. Aliye kwenye hiyo picha ni Firmin, mume wako. Yeye ndiye aliyeitengeneza karavani hii. Aloys ni ndugu yako wa tumbo moja. Yaliyoandikwa humu ni uongo, na ni uongo wangu, si wako. Ninyi watu wa kanisa, mkipewa kitabu msikifungue. Nirudishieni mkononi, nitavichoma vyote."

Carmel alipiga makofi, akiamini amesikia tafsiri nzuri. Baadhi ya wageni wakapiga makofi naye.

Médiatrice hakupiga. Alikuwa anamtazama Jemimah, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Jemimah alikitambua, ahueni ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Wale wanawake wakamshika mabega. Jemimah alivuta pumzi, ya kwanza ya haja tangu asubuhi. Alifikiri amemaliza. Kosa lake amelibeba mwenyewe, kitabu kitakufa, mzee atarudi Bellevue, na hakuna mtu yeyote mwenye cheo aliyeelewa.

Ndipo kiti cha mstari wa mbele kiliposogea, na suti ya buluu ikainuka.

"Samahani, madam," Jeremy alisema. Hakusema kwa puani. Alisema kwa Kiswahili cha Nairobi, safi kabisa. "Nimeskia vizuri. Sasa mimi nauliza tu. Kama huyo wa picha ni Firmin, huyo Aloys tumesimamia saa hii tukanyamaza, ni nani? Na alikufa lini?"

Jemimah alimtazama kijana yule, naye kijana akamtazama. Wote wawili walielewa walichokuwa wakifanya tangu asubuhi, kila mmoja akimficha mwenziwe alikonyonya. Shingo ya Jeremy nayo ilikuwa imeshuka kidogo kwa haya, lakini swali lilikuwa limekwisha toka, na jibu lake lilikuwa ni karatasi, hospitali, kaburi lisilo na jiwe, na kiwanda kizima.

Carmel aliacha kutabasamu. Akauliza kwa Kiingereza mgeni wake amesema nini.

Mbele ya watu wote, mzee wa koti la kijivu alianza kutembea kutoka kwenye karavani, kofia mkononi, akipita katikati ya viti. Mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amesimama pamoja na wote, akamkumbuka maiti mwenye jina lake. Sasa wote walikuwa wamekaa, naye alikuwa peke yake. Watu wa kanisa walimjua. "Kinyozi," mtoto mmoja alisema. Jemimah alitaka kumzuia, kwa maana alijua mzee akitamka jina lake pale, atakuwa amejitangazia kosa mbele ya mgeni ambaye hakuna anayejua atalipeleka wapi.

Mzee alifika. Akafungua kinywa.

Lakini mkono ulikuwa umekwisha kukichukua kipaza sauti kutoka kwa Jemimah. Ulikuwa mkono wa Médiatrice. Mkoba wake ulikuwa umeachwa chini ya kiti, umefunguka, na hakujali.

"Kaa chini, kaka yangu," alimwambia.

Alilitamka neno hilo kwa sauti, mbele ya kanisa, mbele ya mafundi, mbele ya Carmel na mgeni wake. Mzee alisimama kidogo kama aliyesahau jinsi ya kukaa, kisha akakaa kwenye kiti alichoachiwa na dada yake.

"Hii nitasema miye," Médiatrice alisema.

Akamgeukia Jeremy, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaanza kusimulia. Hakuanzia kiwandani wala kwenye kalibu. Alianzia mlangoni mwa hospitali, pale walipomwuliza yeye ni nani wa marehemu.